Mwisho wa Wageni wa Angani

Mbebe, Ileje
9 Agosti 1997

Mpendwa Mama Ashraf,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo wewe, hajambo Baba Ashraf, hawajambo watoto? Na ule mguu uliokuwa unavimba, umenywea? Mimi ni mzima, ila kifua kinabana asubuhi kwa hii baridi yetu. Lusubilo anamsalimu Ashraf, anasema mtu uliyezaliwa naye siku moja wodi moja huwezi kukaa mwaka mzima bila kumkumbuka.

Nakuandikia mbio mbio. Barua anayo dereva wa Fuso la maharage. Nimemwambia asiiweke dirishani, aikalie.

Unakumbuka mwezi uliopita ulivyonivuta mkono mchana kweupe ukaniingiza kwenye banda lenu la video, mimi mzee wa kanisa, nikakaa benchi la nyuma na kitenge mpaka puani? Baba Ashraf amesimama pembeni ya tivii na fimbo yake, anatafsiri kila neno la Wazungu. Ile filamu ya wageni wa angani. Basi nisikilize, maana ile filamu sasa imekuwa kazi.

Nilikuambia habari ya maji. Watu wa mradi wanaleta mabomba, maji yatashuka yenyewe toka chanzo cha juu mpaka kijijini, lakini mtaro tuchimbe sisi. Kitongoji chetu tumepewa hatua mia nane. Bwana maji anakuja kupima tarehe 15 Oktoba. Asipoukuta umefika, mabomba yanapelekwa kijiji kingine, na sisi tutaendelea kushuka mtoni na ndoo mpaka tuzikwe. Wiki ya kwanza tulikuwa watu sitini. Ya tatu tukabaki watano, na mmoja kati ya hao watano ni bibi Nesta ambaye nyonga yake unaijua.

Siku moja, kwa uchovu tu, nikaanza kumsimulia Nesta ile filamu. Vile vitu vya duara kama nyungo vilivyosimama juu ya vilima siku tatu bila kufanya lolote. Mbwa wakaacha kubweka. Halafu watu wakaanza kupotea nyumba moja moja, kwa sababu wageni wale wanakuja mlangoni na sauti ya jirani yako. Kesho yake walikuja kumi na watatu. Ijumaa walikuwa arobaini, hata wa upande wa pili wa bonde. Nimeweka sheria moja: jembe likisimama na mimi nasimama. Mama Ashraf, wanachimba!

Lakini nimefika pale Fuso lilipopiga honi nikaondoka bandani. Mama Rehema wa kwenye filamu na majirani zake wamejifungia kwenye chumba cha chini ya shule. Nje kuna sauti ya jirani yake aliyechukuliwa asubuhi, inasema, "Mama Rehema, naomba moto." Naye ameweka mkono kwenye komeo. Hapo ndipo nilipoishia. Tangu Jumatano nasimulia komeo tu, kutu yake, ubaridi wake, na wameshaanza kuninunia.

Alifungua? Waliwashindaje? Niandikie yote. Nijibu kwa Fuso hilo hilo.

Ndimi,
Gwantwa, Mama Lusubilo


Tunduma
14 Agosti 1997

Kwako shoga yangu Mama Lusubilo,

Alhamdulillahi sisi wazima. Mguu umenywea, sasa ni bega. Barua yako imefika ingali na joto la makalio ya dereva, kwa hiyo alikutii.

Nimecheka mpaka mume wangu Shaban akauliza kuna nini. Nikamsomea. Akasema, "Kumbe nina wanafunzi Ileje." Kichwa kimemvimba, tangu hapo hata chai anaomba kwa sauti ya kutafsiri.

Sasa mwisho. Shoga, jikaze. Hakufungua wala hakukataa. Alikaa vile vile, mkono kwenye komeo, sauti ikawa inaomba, mara ikanyamaza. Akachungulia. Hakuna mtu. Zile nyungo zimeondoka angani, kweupe. Hawakupigwa, hawakuugua, hakuna aliyewafukuza. Wamejiondokea wenyewe. Watu wakatoka, wakakumbatiana, ukapigwa muziki, yakaanza kupanda majina ya Wazungu. Imekwisha.

Usidhani ni wewe tu. Siku ile banda lilijaa mpaka mlangoni, saa mbili nzima hakuna aliyekohoa. Yalipopanda majina wakadhani umeme umeleta fujo. Dereva mmoja wa Zambia akasimama akamuuliza Shaban ameficha wapi mkanda wa pili. Shaban akautoa mkanda kwenye deki akamwonyesha, kaka, ni mmoja tu huu. Wakatupa maganda ya karanga kwenye tivii, benchi moja likavunjika mguu, mzee mmoja akatukana Wazungu wote kwa Kibemba mpaka nikatoka nje.

Ndiyo filamu yenyewe. Wewe waambie chochote, nani atajua?

Wasalimie wote.

Wako,
Tabu binti Uledi, Mama Ashraf


Mbebe
19 Agosti 1997

Mama Ashraf,

Salamu. Leo sina nyingi, maana nimekasirika na sitaki kukudanganya kwamba sijakasirika.

Huo si mwisho. Nimesoma barua yako mara nne nikijua nimeruka ukurasa. Mtu anitie hofu saa mbili, aninyang'anye majirani mmoja mmoja, anionyeshe kitanda cha mtoto kikiwa kitupu, halafu aniambie wageni wameamua kwenda zao? Kwa nini walikuja? Kwa nini walikwenda? Mama Rehema alikaa chini kule siku zote zile anangoja nini? Hao walioitengeneza ni watu wazima, walikula, walilipwa, wakakaa mezani wakaandika kwamba hakuna mtu aliyefanya kitu. Mungu anisamehe, ningewaona ningewachapa kwa mpini.

Na wewe pia. Nadhani ulitoka nje kupika maandazi ukarudi majina yakiwa yanapanda. Nakujua. Hata wodini nesi akieleza jambo wewe ulikuwa umeshasinzia, mimi ndiye nilikuwa nakueleza upya.

Sasa nitawaambia nini? Nimewaambia kuna mapambano yanakuja. Nesta anakuja na nyonga yake kwa ajili ya Mama Rehema, ananiambia kila asubuhi, "Huyo mwanamke asifungue." Niwaambie watu walioshika majembe kwamba ukikaa tu, taabu inaondoka yenyewe? Nani atanyanyua sururu tena? Jumamosi nilisema kifua kinauma, sisimulii. Walikuja saba. Tumebakiza hatua mia tatu, na mbele kuna mwamba.

Unasema niwaambie chochote. Mimi ni mzee wa kanisa, nashika kikombe cha Bwana mikononi. Situngi mambo nikayaita kweli. Na Sadoki, katibu wa baraza letu la wazee, ameshaanza kusema mtaro umegeuka sinema, anangoja nijikwae.

Mwambie Baba Ashraf auweke tena ule mkanda. Kaeni mbele ya tivii, usipike, usilale, uniandikie kila kitu kuanzia kwenye komeo.

Gwantwa


Tunduma
27 Agosti 1997

Mama Lusubilo mpenzi,

Salamu. Ulisema kweli. Nilitoka nje kukaanga maandazi, nikarudi mwisho kabisa. Jana Shaban ameuweka mkanda, nimekaa benchi la mbele, na huu ndio mwisho wenyewe.

Mama Rehema aliondoa mkono kwenye komeo. Akawaambia wenzake, tukingoja hapa watatumaliza nyumba moja moja. Wakaanza kuchimba ukutani kuelekea handaki la jirani. Walichimba kwa vijiko, kwa sahani, kwa mikono. Bibi mmoja mwenye mguu mbovu alikuwa ndiye wa kwanza, ndiye aliyewatia aibu vijana. Wakakuta mwamba, wakauzunguka. Wakafika kwa jirani, nao wakajiunga, wakachimba mpaka kwa mwingine, mpaka kijiji kizima kikawa kimeungana chini ya ardhi na wale wageni juu hawana habari. Halafu wakatokea nyuma yao wote kwa pamoja, wakiita majina yao kwa sauti. Mgeni anaweza kuiga sauti ya mtu mmoja, hawezi kuiga ya watu mia. Wakachanganyikiwa, wakapanda nyungo zao, wakakimbia. Watu bandani walisimama wakapiga makofi.

Soma hivyo hivyo kwenye mtaro wako.

Naharakisha, wateja wananingoja.

Tabu


Mbebe
22 Septemba 1997

Bi Tabu binti Uledi,

Sikuulizi hali.

Nilisimulia ule mwisho wako kwa siku tano. Walichimba kama wana homa. Mwamba tuliuzunguka kama walivyouzunguka wale wa chini ya shule. Siku ya mwisho, nilipofika pale wanatokea wakiita majina, wanawake waliacha majembe wakaita majina yao, bonde zima likaitika. Nesta akalia. Halafu akanigeukia akasema, "Gwantwa, ni tamu mno hii. Apa kwamba ndivyo ilivyo." Nikanyanyua mkono nikaapa kwa jina la Mungu.

Alhamisi iliyopita Jenista, mke wa mwenyekiti wa kitongoji, karudi toka Tunduma. Alikwenda kuuza vitunguu, na kwa kuwa nimeisifu filamu kijiji kizima, akaingia bandani kwenu akaitazama kwa macho yake mwanzo hadi mwisho. Akaja akasimama juu ya kifusi, mikono kiunoni, akasema, "Wanawake wenzangu, hakuna aliyechimba. Wameondoka wenyewe. Mama Video katudanganya."

Mama Video. Ndilo jina langu sasa. Hata watoto wa Jumapili wanaliimba.

Kesho yake mtaroni tulikuwa wawili, mimi na Nesta, na Nesta alichimba amenipa mgongo. Zimebaki hatua themanini. Bwana maji anakuja baada ya wiki tatu.

Jana Jumapili, kabla ya ibada, nimeitwa barazani. Sadoki akasoma mashtaka yangu mawili: kuingia banda la video, na kuapa uongo kwa jina la Mungu. Wakaniuliza, ulijua? Nikasema sikujua, nilidanganywa na mwenyeji wangu wa Tunduma, barua yake hii hapa. Wameniondoa kwenye uzee kwa muda na kunitenga na meza ya Bwana mpaka shauri limalizike. Miaka kumi na sita nimekaa benchi la mbele. Kwenye ibada nilikaa mlangoni, karibu na mbwa.

Wewe uliyeniona nikizaa, wewe niliyekufungia kitenge ulipokuwa unatetemeka, umenipa uongo nikaubeba mdomoni kama mkate wa Bwana. Kwa nini? Ulitaka kunichekesha? Mlikaa na mumeo mkacheka?

Nijibu hilo tu, halafu tusiandikiane.

Gwantwa Mbonile


Tunduma
28 Septemba 1997

Mama Lusubilo,

Barua yako niliitupa kwenye taka. Nikaiokota. Nikaitupa tena. Shaban ndiye aliyeniletea mara ya pili, akasema, "Mjibu, usiwe mtoto."

Hakuna aliyecheka. Nilitunga mimi, peke yangu, juu ya kaunta ya vitenge, na wateja niliwafukuza. Mkanda hatukuuweka tena. Ulinililia mwenyewe, watu hawachimbi, mwamba uko mbele, bibi mwenye nyonga anakuja. Nikachukua mtaro wako nikauingiza kwenye filamu, basi. Sikujua utaapa. Kwetu mtu akisimulia hadithi hatumwapishi. Nani anaapishwa juu ya hadithi, shoga? Na mimi nimekasirika, nakuambia. Nimekasirishwa na huyo Sadoki, na Jenista na vitunguu vyake, na wewe uliyeona vyema kunipeleka barazani mimi na barua yangu nisiyejua hata mlango wa baraza uko wapi.

Na kwa kuwa tumeshaanza kusema kweli, pokea na hii. Ile "naomba moto" uliyoipenda haimo. Shaban alikuwa taniboi wa malori Lusaka, Kiingereza anajua cha kuulizia njia na cha kugombana na polisi. Anachoona kwenye tivii anakipa maneno yake. Mzungu gani anakwenda kwa jirani kuomba moto? Hata jina la Mama Rehema alilitoa kichwani, ni la shangazi yake wa Muheza. Watu wanakuja kwetu na si kwa jirani mwenye tivii kubwa, kwa sababu ya mdomo wa Shaban. Mwisho ule ndio uliomshinda, kwa sababu angani kulikuwa kweupe na kila mtu anaona, hakuna cha kutafsiri.

Kwa hiyo usimlilie Mzungu. Kilichokuliza ni cha kwetu.

Mimi sijui habari za meza yenu. Najua nimekuondoa kwenye kiti chako. Alhamisi napanda Fuso. Nitakuja kwa hao wazee, niseme ni mimi. Wakitaka niape kwa Msahafu naja nao.

Tabu


Mbebe
21 Oktoba 1997

Mpendwa wangu Mama Ashraf,

Salamu katika jina la Bwana. Ulifika salama? Bega linaendeleaje baada ya kurushwa rushwa kwenye gari? Nilikuona ulivyopanda ile Ijumaa ya tarehe 3, ulijishikilia kwa mkono mmoja, nikajisikia vibaya.

Nianze na maji. Mtaro umefika. Tulimaliza tarehe 13, siku mbili kabla. Jumamosi, ulipokuwa umeshaondoka, Nesta alikwenda kwa Jenista akamwambia mbele ya mumewe, "Filamu imeisha vibaya, haya, tumesikia. Sasa unakuja kuchimba, au nikubebee ndoo yako toka mtoni?" Jenista akaja na jembe, amevimba. Wakaja na wengine, wamevimba wote. Hakuna aliyesimulia kitu. Walichimba kwa hasira, kimya, hatua themanini, wakitupa udongo kama wanamtupia mtu. Bwana maji akapima, akaandika kwenye daftari, akasema mabomba yanakuja Novemba. Hakuna aliyepiga vigelegele. Tulikuwa tumechoka, tukaenda kulala.

Sasa la pili. Nimeanza barua hii mara tatu.

Uliposimama pale barazani, umejifunga ushungi wako vizuri, wazee sita wanakutazama, ukasema, "Ni mimi. Yeye hana kosa," nilikuwa nimekaa nyuma yako hatua mbili. Sadoki akasema maneno yale ya watu wa mpakani na biashara zao za uongo. Akakuuliza kama dini yako inaruhusu. Nilimwona mwenyekiti wa baraza anainamisha kichwa kwa aibu. Wakanirudishia kiti changu hapo hapo. Jumapili hii iliyopita nimeshika kikombe. Na wewe huku Mbebe sasa unaitwa yule mwongo wa Tunduma, wanakutolea mfano kwenye mafundisho ya kipaimara.

Mama Ashraf, nilijua.

Nilijua siku ile ile barua yako ya pili ilipofika. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikasoma mpaka pale wanapochimba, nikajua huyu ni Tabu, hii si filamu. Nikaikunja. Nikajiambia nimeletewa kwa maandishi, dhambi si yangu. Nikaenda nikasimulia. Na Nesta aliponiambia niape, nilikuwa na nafasi, Nesta alinipa nafasi mwenyewe, alikuwa ananitazama machoni. Nikanyanyua mkono. Barazani waliponiuliza ulijua, nikasema sikujua, nikatoa karatasi yako. Na ile barua niliyokuandikia na kukutukana, niliandika hivyo ili na wewe uamini. Ulipojibu kwamba unakuja, ningeweza kukuzuia. Fuso lilikuwa hapa Jumatano, siku moja kabla hujalipanda. Nililiona likigeuka.

Hasira yote ile niliyowatupia Wazungu, na Sadoki, na wewe. Najua sasa ilikuwa ya nani.

Nilijaribu kumwambia Mungu peke yake. Mzigo haujashuka. Naye hajakutukana, ni watu waliokutukana, kwa hiyo ni watu wanaopaswa kuambiwa. Jumapili tarehe 26, baada ya matangazo, nitasimama mbele ya ushirika wote niseme kama nilivyokuandikia hapa. Nitasema nilijua wakati naapa, nilijua barazani, na kwamba mgeni wangu alikuja kubeba mzigo ambao si wake nikamwachia. Watanitoa kwenye uzee, na safari hii si kwa muda. Lusubilo nimemwambia jana. Akaniuliza kama Ashraf anajua. Mume wangu anasema maji yameshapatikana, kwa nini nichokonoe. Nimemwambia maji ni ya mtaro, haya mengine ni ya kwangu.

Sikuombi unitetee wala usije. Ukija utasema tena ni wewe, nakujua.

Fuso linarudi huku Ijumaa. Nataka nisimame Jumapili nikijua unasema nini juu yangu, hata kama ni tusi. Tafadhali nijibu upesi.

Ndimi,
Gwantwa